Namna ya Kuandika Historia ya Vita vya 1914–1918 katika Kijiji Chako: Mwongozo kwa Wakazi wa Lindi na Mtwara

Mwongozo huu ni kwa mwalimu, mwanafunzi, mtendaji wa kata au mkazi yeyote wa Lindi na Mtwara anayetaka kuandika, kwa kurasa chache zenye ukweli, yaliyotokea mahali pake wakati Waingereza walipopigana na Wajerumani kuanzia mwaka 1914 hadi 1918. Ugomvi ulikuwa wa wakoloni wawili, lakini chakula cha majeshi yao kilitoka katika maghala ya wenyeji na mizigo yao ilipanda vichwani mwa wenyeji. Vitabu vingi vinavyoeleza vita hivyo huwataja makamanda kwa majina na wapagazi kwa maelfu. Mwandishi wa kijijini hana sababu ya kuufuata mpangilio huo, kwa kuwa yeye ndiye pekee anayeweza kuwapata wale wa maelfu kwa majina yao.

Chagua mahali unapoweza kupamaliza kwa miguu

Kichwa cha habari kikubwa huiua kazi ya namna hii kabla haijaanza. Usiandike "Vita Kuu ya Kwanza Kusini mwa Tanzania", bali chukua kata moja, misheni moja, kivuko kimoja cha mto au kipande cha barabara kati ya vijiji viwili, ili kila jambo unaloambiwa uweze kwenda kulitazama na kurudi kumuuliza tena aliyekuambia. Anayeishi Nyangao ana uwanja wa vita mlangoni pake. Anayeishi Sudi ana bandari, na anayeishi Newala ana ukingo wa nyanda za juu za Makonde na bonde la Ruvuma chini yake.

Ukishachagua mahali, tafuta kwanza palikuwa chini ya nani na paliitwaje wakati huo. Mji wa Mtwara kama tunavyoujua ulikua baada ya mwaka 1947, kwa nguvu za mradi wa karanga wa Nachingwea pamoja na bandari na reli iliyojengwa kwa ajili yake. Wakati wa vita, mji wenye boma, maduka na wafanyabiashara ulikuwa Mikindani, na boma lake la mwaka 1895 bado limesimama. Serikali ya Kijerumani iliziweka Mikindani, Newala na Masasi chini ya wilaya moja ya Lindi, ilhali Kilwa ilikuwa na wilaya yake. Kwa hiyo anayetafuta habari za Newala katika nyaraka za Kijerumani na asizione, afungue faili za Lindi.

Tengeneza kalenda kabla ya kwenda kwa wazee

Mazungumzo na wazee hayaendi mbali ikiwa anayeuliza mwenyewe hajui nini kilitangulia na nini kilifuata. Andika kalenda fupi katika ukurasa wa kwanza wa daftari lako na uibebe kila uendako. Iliyo hapa chini inatosha kwa kuanzia, nawe utaijazia ya kwako.

Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914, na siku nne baadaye manowari yake ilipiga mizinga Dar es Salaam kwa nia ya kuuharibu mnara wa mawasiliano ya redio. Pwani ya kusini iliguswa mwezi Oktoba mwaka huohuo, pale manowari ya Kiingereza iitwayo Chatham ilipoikuta meli ya Kijerumani Präsident katika mto wa Lindi, na karatasi zilizokutwa ndani yake zikawafunulia Waingereza kwamba manowari Königsberg ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Königsberg iliangamizwa Julai 1915, lakini Wajerumani waliiopoa mizinga yake, wakaitia magurudumu na kuikokota bara kwa nguvu za watu, na mmoja wapo ulikuwa karibu na Lindi mwaka 1917. Machi 1916 meli nyingine ya Kijerumani, Marie, iliponyoka doria za Waingereza ikaingia katika ghuba ya Sudi na kushusha mizinga, risasi na dawa. Shehena hiyo haikupata gari wala reli ya kuipokea. Iligawanywa katika mizigo ya kichwa, na maelfu ya watu wakaibeba hadi yalipokuwa majeshi. Ikiwa kijiji chako kiko kati ya Sudi na bara, hapa tayari una swali la kumuuliza kila mzee: nani katika ukoo wake alibeba shehena ya Sudi?

Jeshi la Waingereza lililoongozwa na Jan Smuts lilishuka kutoka Kilimanjaro mwaka 1916, Dar es Salaam ikaangukia mikononi mwake tarehe 4 Septemba, na ndani ya mwezi huohuo Kilwa, Lindi, Sudi na Mikindani zikakaliwa kutoka baharini. Wareno, walioingia vitani Machi 1916, walivuka Ruvuma na kuiteka Newala mwezi Oktoba, kisha wakafukuzwa mwezi uliofuata. Mvua kubwa za mwanzo wa 1917 zilisimamisha karibu kila kitu, na kiangazi kilipoingia ndipo mambo mazito ya kwetu yalipoanza. Tarehe 19 Julai walipigana Narungombe, ambayo leo iko wilayani Ruangwa. Mwezi Agosti walipigana katika vilima vya Tandamuti nyuma ya Lindi, Septemba Bweho Chini, na kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba wakapigana Mahiwa na Nyangao, mapigano makali kuliko yote ya vita hivyo katika Afrika Mashariki. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu wapatao 1,500 hapo dhidi ya takriban 5,000. Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700 na Wajerumani zaidi ya 500. Uandikapo hesabu hizo, kumbuka kueleza kuwa zinajumuisha waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, kwa maana nimesoma zaidi ya mara moja maandishi ya wanafunzi yanayowafanya wote 2,700 kuwa maiti.

Ingawa hesabu hiyo inaonekana kuwa ushindi wa Wajerumani, hawakuweza kuzifidia risasi na askari waliowatumia Mahiwa. Mwezi Novemba walirudi nyuma kupitia Chiwata hadi Nambindinga, wakawaacha huko wagonjwa na majeruhi wengi, na tarehe 25 Novemba 1917 Lettow-Vorbeck akauvuka Ruvuma kuingia Msumbiji akiwa na Wazungu takriban 300, askari 1,700 na wapagazi wapatao 3,000 pamoja na wanawake na watoto waliofuatana na askari. Siku zilezile puto kubwa la vita, L59, lilikuwa limeruka kutoka Bulgaria likiwa na shehena ya dawa na risasi kwa ajili yao, likafika juu ya Sudan na kurudishwa kwa amri. Kisa hicho huwavutia sana wanafunzi, nami sioni ubaya kukitaja, mradi kisichukue ukurasa unaowastahili wapagazi.

Sababu ziandikwe kwa ngazi mbili

Sura ya sababu za vita ndiyo inayonakiliwa zaidi kutoka vitabu vya shule, na kwa kawaida huwa haimwambii mtu wa Mtama au Kitangari kwa nini yalimfikia yeye. Andika ngazi ya kwanza kwa aya moja tu. Mashindano ya mataifa ya Ulaya yalilipuka mwaka 1914. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa umeacha nafasi ya makoloni ya eneo hili kubaki nje ya ugomvi wa Ulaya, na gavana Heinrich Schnee alipenda iwe hivyo. Uingereza haikutaka kuziacha bandari na mnara wa redio wa Wajerumani zitumiwe dhidi ya meli zake katika Bahari ya Hindi, naye Lettow-Vorbeck alitaka vita viwe virefu makusudi ili askari na mali za Waingereza zifungwe Afrika zisiende Ulaya. Baadaye ikaongezeka tamaa ya ardhi, hasa kwa viongozi wa Afrika Kusini. Smuts mwenyewe alikuwa amepigana na Waingereza katika vita vya Makaburu vya 1899–1902, na miaka kumi na minne baadaye akawa jenerali wao. Mtoto wa kidato cha pili akikuuliza inakuwaje, mwambie aliuliza vizuri.

Ngazi ya pili ndiyo yako. Kwa nini vita vilikuja bonde la Lukuledi na si kwingine? Majibu yake yako katika ardhi. Wajerumani walipoteza reli ya kati mwaka 1916, wakabaki na kusini kama shamba la kujilishia. Waingereza walikuwa na meli, na Kilwa na Lindi zilikuwa na bandari nzuri, kwa hiyo waliweza kushusha majeshi sehemu mbili na kumbana adui katikati. Kutoka Lindi, njia rahisi ya kwenda bara ni kulifuata bonde la mto Lukuledi kupitia Mtama, Nyangao na Ndanda hadi Masasi, njia ileile tunayoipita leo kwa basi. Halafu kuna maji. Kiangazi, jeshi hukaa penye kisima, na mapigano ya Narungombe na Bweho Chini hayaeleweki bila kuuliza maji yalipatikana wapi. Yeyote aliyekulia nyanda za Makonde, ambako akina mama walishuka makorongo na kupanda tena na ndoo kichwani, ataelewa jambo hili upesi kuliko profesa wa Ulaya. Chora ramani ya visima, mito na madimbwi ya kijiji chako kabla ya kuchora mahali pa mapigano.

Kwenda kwa wazee

Nenda kiangazi, kati ya Juni na Agosti, kabla ya msimu wa korosho kuwachukua watu wote mashambani. Pita kwanza kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, ueleze unachotafuta na utakachokifanya na maandishi yako, kisha omba upelekwe kwa wazee na mtu wanayemfahamu. Ukifika, shikamoo, salamu za nyumbani na za ukoo zichukue muda wake. Anayefungua daftari kabla hajamaliza kuulizwa ametoka kwa nani huondoka na majibu ya kumridhisha mgeni tu.

Hakuna aliye hai anayevikumbuka vita vyenyewe. Unachokusanya ni maneno waliyoachiwa watoto na wajukuu, na hivyo kila jambo linahitaji majina mawili: aliyekusimulia na yule aliyemsimulia yeye. Gawa ukurasa wa daftari sehemu tatu, yaani lililosemwa, aliyelisema, na alilipata kwa nani. Ukikosa sehemu ya tatu, lililosemwa huenda limetoka darasani au redioni, na wazee wetu wamesoma pia.

Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo hufuatwa upande wa mama. Mwandishi anayemuuliza mtu habari za baba wa baba yake pekee atakosa nusu ya habari, kwa sababu anayezitunza habari za ukoo mara nyingi ni mjomba, na babu aliyechukuliwa kubeba mizigo anaweza kuwa anakumbukwa katika kijiji cha dada zake kuliko katika kijiji alichooa. Waulize wanawake peke yao, na ikiwezekana aulize mwanamke. Wanaume husimulia mizinga na majina ya Wazungu. Akina bibi husimulia mihogo iliyofukiwa, mtoto aliyefungwa mdomo porini asilie, na nani alilima mwaka ambao wanaume hawakuwepo. Mimi naona habari za pili ndizo adimu zaidi, na ndizo zinazopotea kwanza.

Sasa tatizo kubwa kuliko yote: vita vitatu kuchanganyika katika simulizi moja. Kusini ilipigwa na vita vya Maji Maji vya 1905–1907, ambavyo viliziteketeza misheni za Nyangao, Lukuledi na Masasi na kufuatiwa na njaa kali. Miaka saba tu baadaye ikaja hii ya 1914. Kisha katika Vita Kuu ya Pili vijana wa hapa walichukuliwa kwenda hadi Burma. Mzee akisema "wakati wa vita vya Mjerumani", anaweza kuwa anasema habari ya kwanza au ya pili, na wajukuu huziunganisha bila nia mbaya. Usimsahihishe. Tumia alama za kutenganisha. Wakitajwa Waingereza, Wahindi, Wanaijeria au Wareno wakipigana huku, au ndege ikiruka, ni vita vya 1914–1918. Akitajwa hongo (mjumbe aliyegawa dawa ya vita), maji ya dawa au kunyongwa kwa majumbe na Wajerumani baada ya uasi, ni Maji Maji. Uliza kama aliyehusika alikuwa amekwisha kupelekwa jandoni, kama alikuwa na mke, kama mtoto fulani alikuwa amezaliwa, kwani kwa majibu hayo utapata umri na kwa umri utapata mwaka. Alama moja peke yake haitoshi, tafuta mbili.

Mzigo mmoja, njia moja: hesabu itakayokuonyesha vita

Sehemu hii naiomba isirukwe, kwa sababu bila hesabu msomaji haoni kwa nini majeshi yalihitaji watu wengi namna ile. Mbung'o waliwaua punda, ng'ombe na farasi, na magari yalikwama kwenye tope. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27 hivi, na mtu anayetembea kutwa anahitaji walau kilo moja ya unga au mchele kwa siku.

Lindi hadi Masasi ni kilomita 140 hivi. Mpagazi anayetembea kilomita 20 kwa siku atafika siku ya saba na kurudi siku ya kumi na nne, naye atakuwa amekula kilo 14. Mzigo wa kilo 27 umebakiza kilo 13 za kumpa askari. Jeshi la askari 500 likihitaji kilo 500 kwa siku, lazima wapagazi 38 au 39 wafike kila siku, na kwa kuwa kila mmoja huchukua siku 14 kukamilisha safari, wanahitajika zaidi ya wapagazi 530 walio njiani wakati wote. Hapo hatujabeba risasi hata moja, wala hema, wala majeruhi, wala hatujamhesabu mpagazi anayeugua malaria au kuhara damu akaanguka njiani na mzigo wake ukagawiwa wenzake. Rudia hesabu hii kwa umbali wa kijiji chako. Ukiuongeza umbali hadi siku kumi na tatu kwenda na kumi na tatu kurudi, mpagazi anamaliza karibu mzigo wote yeye mwenyewe. Ndiyo maana majeshi ya pande zote mbili, yalipokwenda mbali na pwani, yaliacha kubeba chakula na kuanza kukichukua vijijini.

Katika vita vyote vya Afrika Mashariki, Waingereza waliandikisha watu wapatao milioni moja kubeba mizigo, wengi wao kwa kulazimishwa. Hesabu rasmi za Uingereza zilikiri vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi, na wanahistoria waliopitia kumbukumbu baadaye wanaona idadi halisi ilikaribia 100,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na maradhi ya tumbo, homa, baridi na chakula wasichokizoea, kilichopikwa nusunusu kwa kukosa muda na kuni. Upande wa Wajerumani kumbukumbu za wapagazi ni chache zaidi, na watu walikamatwa tu njiani na kuachwa walipochoka. Katika sanamu ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, maandishi yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Aliyechongwa, hata hivyo, ni askari mwenye bunduki.

Nyumbani palibaki nini

Baada ya hesabu hiyo, andika sura ya nyumbani, na uipe nafasi kubwa kuliko sura ya mapigano. Ianze kwa kazi za mwaka: nani alifyeka shamba Septemba na Oktoba 1917, wakati bonde la Lukuledi lilikuwa limejaa majeshi, na nani alipanda mvua zilipoanza Desemba? Mahali ambapo jibu ni "hakuna", njaa ya 1918 haihitaji maelezo mengine. Uliza walikimbilia wapi, walikula mizizi gani, mbegu ilipatikana kwa nani, na kama kuna koo zilizohamia ng'ambo ya Ruvuma au kutoka huko kuja kwetu kwa sababu hiyo. Mto huo haukuwahi kuwa ukuta kwa Wamakonde na Wamakua, na kwa baadhi ya familia vita ndiyo sababu ya kuwa na jamaa Msumbiji hadi leo.

Misheni zichunguzwe kwa jicho la pande mbili. Wamisionari Waingereza wa UMCA, misheni ya Kianglikana, waliokuwa Masasi na Newala walizuiliwa na Wajerumani kama raia wa adui, na walimu wao Waafrika wakashukiwa kuwa wapelelezi na kuteswa. Wabenediktini Wajerumani wa Ndanda, Nyangao na Lukuledi yaliwapata ya namna hiyo kutoka kwa Waingereza, baada ya hospitali ya Ndanda kutumika kwa majeruhi wa jeshi la Kijerumani. Frank Weston, askofu wa Zanzibar ambaye Masasi ilikuwa katika dayosisi yake, alikusanya na kuongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi kutoka Zanzibar mwaka 1916. Muumini wa wakati huo alimwona mchungaji wake akivaa sare ya upande mmoja na padri wa jirani akiwa mateka wa upande huohuo, na inafaa kuuliza wazee wa kanisa, na wazee wa misikiti pia, hilo lilisemwaje vijijini.

Fedha usiisahau, ijapokuwa aya fupi inatosha. Wajerumani, walipozibiwa bahari, walichapa noti za rupia za dharura, na mwenye shamba aliyelipwa noti hizo kwa mtama wake alibaki na karatasi baada ya 1917. Mafua makubwa ya 1918–1919 yaliwakuta watu waliokwisha kudhoofika kwa njaa na safari. Uwe mwangalifu kutenganisha waliokufa kwa mafua na waliokufa kwa njaa, ukiuliza ugonjwa ulikuwaje: mafua yaliua haraka na kuwachukua hata vijana wenye nguvu.

Karatasi na ardhi

Nyaraka zilizo karibu zaidi na kijiji ni vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko vya parokia za zamani. Omba ruhusa kwa maandishi kwa paroko, kisha hesabu ubatizo wa kila mwaka kuanzia 1912 hadi 1920 na uweke hesabu hizo katika jedwali dogo. Mwaka wenye pengo unakueleza jambo, iwe ni kukimbia kwa watu au kukamatwa kwa mapadri, nawe itabidi uulize ni lipi. Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, kuna mafaili ya Kijerumani na vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na mabwana shauri wa Kiingereza baada ya vita. Vya Lindi, Masasi, Newala na Mikindani vina habari za koo, majumbe na kodi. Visome ukijua kuwa bwana shauri aliuliza maswali ya mtawala, na mara nyingi alijibiwa na aliyetaka kuthibitishwa kuwa jumbe.

Kisha tembea. Nenda na mzee anayezijua sehemu na kijana mwenye simu ya kurekodi mahali, uandike jina la kila kilima, kisima na mti mkubwa kama wenyeji wanavyouita. Maganda ya risasi na vipande vya chuma vimeokotwa sana na wauza vyuma chakavu, kwa hiyo kukosa kitu hakuna maana kwamba hapakupiganwa. Makaburi yasifukuliwe kwa sababu yoyote. Na ukiona kitu chenye umbo la kombora, hata kiwe kimeoza kwa kutu, usikiguse, usikisogeze kwa ajili ya picha, na usimruhusu mtoto akisogelee. Weka alama kwa mbali na utoe taarifa polisi, kwa kuwa baruti ya miaka mia moja inaweza kulipuka.

Kuandika na kurudisha

Unapoandika, fuata mpangilio wa mahali pako na si wa majeshi. Mtu wa Nyangao hakuyaona mapigano ya Tanga, na hayahitaji zaidi ya sentensi moja katika kazi yake. Simulizi mbili zikipingana, ziandike zote mbili na majina ya waliozisema, kisha useme wewe unaiamini ipi na kwa nini. Hesabu ya vitabuni na hesabu ya mzee zisichanganywe katika sentensi moja. Weka mwishoni orodha ya wapagazi na askari wa kijiji kwa majina, hata kama ni wanne tu, pamoja na ukoo, aliyewachukua, na kama walirudi. Usitaje ukoo uliosemwa kuwa ulikuwa mpelelezi wa upande fulani kabla ya kuzungumza na wazee wa ukoo huo. Wajukuu wao bado wanakaa hapo.

Rasimu ikikamilika, isome kwa sauti mbele ya wazee waliokusaidia, sura ya nyumbani kwanza, na uache mtu mwingine aandike marekebisho wakati wewe unasoma. Baadhi yao watakumbuka jambo jipya pale wanaposikia jina la ndugu yao likitajwa, na hapo ndipo nilipoona orodha za majina zikiongezeka zaidi kuliko katika mahojiano yote ya awali. Nakala tatu zilizochapwa zinatosha kwa kuanzia: moja ofisi ya kijiji, moja shule ya kata, moja kwa familia iliyokukaribisha. Kila nakala iwe na tarehe ya kuandikwa kwake na kurasa kadhaa tupu mwishoni, ambazo msomaji atakayejua zaidi ataandika alilonalo na kutia jina lake.